Mbwa Anayenguruma Konani si Mbwa wa Kazi

Mwezi wa sita, baridi ya Uyole, Mbeya, ikiwa imeshika, mzee mmoja alinipitia ofisini kwetu mifugo twende kumchagulia mtoto wa mbwa wa kulinda zizi. Tulikuta watoto sita wa wiki 8 wamelala kwenye maranda nyuma ya jiko. Mzee akaelekeza fimbo kwa mmoja aliyejibana konani, ananguruma kila tukimsogelea. "Daktari, huyo huyo. Huyo ndiyo mkali."

Nikaomba mfuniko wa sufuria, nikauangusha sakafuni karibu nao. Wote walishtuka, na kushtuka si kosa. Mimi natazama kinachofuata. Wawili walirudi upesi kuunusa, mmoja akaung'ata ukingo na kuanza kuuburuta. Yule wa konani alijikojolea, na mpaka tunamaliza chai alikuwa hajatoka. Alikuwa mwoga, basi. Mbwa wa hivyo akikua atang'ata kweli, ila atakayeng'atwa ni mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Ukali na ujasiri tunavichanganya sana. Kuna wanaomlisha mbwa pilipili, kuna wanaomfungia bandani mchana kutwa asione mtu, eti usiku awe moto. Pilipili inamuunguza tumbo tu. Na aliyefungiwa tangu utotoni hajui kumtofautisha mgeni na mwizi. Wote kwake ni vitisho.

Mtoto wa mbwa hufungua macho akiwa na siku 10 hadi 14, na kwenye wiki ya 3 anaanza kusikia. Kuanzia hapo mpaka wiki ya 12 au 14, anachokutana nacho kwa amani hukizoea, na asichokutana nacho huweza kumtisha hata akiwa mzima. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyokuza watoto wa mbwa uwanjani bila kuwazoesha watu. Waliokaa hivyo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Ndiyo maana shule nyingi za mbwa wanaoongoza wasioona huwapeleka watoto kwenye familia wakiwa na wiki 8 hivi, wakapandishwe mabasi na kuzungushwa sokoni kwa mwaka na zaidi kabla ya mafunzo yenyewe. Hata hivyo si wote wanaofaulu, na woga ni moja ya sababu kubwa.

Mbwa wa mifugo ana njia yake. Kwenye vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha, Iringa, waliwahi kuletwa Anatolian Shepherd, mbegu ya Uturuki, wawasaidie wafugaji wanaosumbuliwa na simba na fisi. Namibia wanawagawia wafugaji mbwa wa aina hiyo tangu 1994. Mtoto huyu hulazwa na mbuzi tangu mdogo, harufu yao iwe ndiyo harufu ya kwao. Watoto wa nyumbani wakimzoesha ugali wa jikoni, kundi likitoka yeye anabaki mlangoni. Akifikisha miezi kadhaa ataanza kuwakimbiza mbuzi kwa mchezo na kuwavuta masikio. Mkemee palepale, usicheke. Wala hatakiwi kupigana na simba. Akisimama kati na kubweka, mchungaji anaamka, na mnyama aliyekuja kwa kunyemelea mara nyingi anageuza. Usiwadharau mbwa wetu wa kienyeji kwa kazi hiyo: Botswana wanawatumia wa kwao, na wanakula kidogo.

Kabla ya kuchagua mtoto, mtazame mama. Akijificha uvunguni kila mgeni akipiga hodi, tafuta kwingine.

Kwa huku kwetu nyanda za juu, wiki 2 za kwanza baridi huua watoto upesi, maana miili yao haijaweza kujipasha joto. Maranda makavu na gunia mlangoni vinasaidia. Dawa ya minyoo ianze wiki ya 2, chanjo ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3. Chanjo nyingine zinachukua wiki kadhaa kukamilika, na pavo, ugonjwa wa kuhara ambao mbwa huuokota chini, haina huruma, kwa hiyo kabla hazijakamilika usimshushe chini stendi. Mbebe tu, aone na kusikia.

Mzee aliondoka na yule wa mfuniko, kamtia ndani ya koti, kichwa nje. Nilimwomba kabla ya kwenda zizini asimame naye kidogo kando ya barabara kuu, malori yanapobadilisha gia.