Bakteria sugu baada ya upasuaji wa tumbo: kwa nini mgonjwa haongezewi antibaiotiki

Wiki ya dunia ya uhamasishaji kuhusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa huadhimishwa kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba. Lalamiko linalofika kwetu kitengo cha kuzuia maambukizi ni lile lile: "Mgonjwa wetu amepasuliwa utumbo, karuhusiwa bila hata kidonge."

Hofu hiyo tunaielewa. Ila dozi muhimu kuliko zote alishachomwa ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kuchanwa, ili kisu kipite dawa ikiwa tayari imeenea mwilini. Upasuaji ukirefuka au damu ikipotea nyingi, hurudiwa palepale mezani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka dozi hizo za kinga zisiendelezwe upasuaji ukishaisha. Kuziendeleza hakukingi kidonda. Kunaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Aliyekutwa na usaha tumboni, mathalani kidole tumbo kilichopasuka, huyo yuko kwenye matibabu, na siku zake za dawa huhesabiwa na daktari.

Bakteria kama Escherichia coli, Klebsiella na Enterococcus huishi utumbo mpana bila kudhuru. Mshono wa ndani ukivuja, hao hao humwagika mahali wasipotakiwa. Baadhi yao hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja dawa kabla haijafanya kazi. Wapo wanaodhani mwili wa mgonjwa ndio uliozoea dawa, na limeshasemwa mara nyingi mno kwamba sivyo. Waliozoea ni bakteria, na mtu aweza kuwabeba hata kama yeye mwenyewe hamezi dawa ovyo. Mwaka 2019 bakteria sugu walikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Ndani ya siku 30, kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au homa ikipanda na tumbo kuuma zaidi, mrudisheni mgonjwa alikopasuliwa. Msimpe vidonge vilivyobaki nyumbani, wala msinyunyizie unga wa kapsuli kwenye kidonda.

Akifika, sampuli huchukuliwa kabla ya dawa mpya, hali yake ikiruhusu. Kidonda husafishwa kwanza, kisha usaha hunyonywa kutoka ndani kwa bomba la sindano, kwa sababu wa juujuu huchanganyika na bakteria wa kawaida wa ngozi. Chupa huandikwa jina, sehemu ilikotoka sampuli, tarehe, saa na dawa alizotumia, kisha hupelekwa maabara mara moja. Kuotesha na kupima dawa ipi inawaua huchukua kwa kawaida siku 2 hadi 3. Mgonjwa haachwi akisubiri: daktari huanza na dawa anayoona inafaa, akaibadilisha majibu yakitoka. Usaha uliojikusanya tumboni ni lazima utolewe. Sindano peke yake hazitoshi.

Akiwekwa chumba cha peke yake, si aibu wala adhabu. Wageni watanawa wakiingia na wakitoka, na hawatakaa kitandani kwake. Anayekataa atatolewa wodini, na hapo hatubishani, kwa sababu kitanda cha jirani kuna mwingine mwenye mshono mbichi.

Mkija, leteni maganda ya dawa zote alizomeza miezi mitatu iliyopita, hata alizonunua bila cheti. Hatutamgombeza mtu. Dawa iliyofichwa inaweza kumfanya daktari aanze na ile ile iliyokwisha kushindwa.