Kwa nini neno "rangi" linaficha kosa la Whoopi Goldberg

Nafundisha tafsiri hapa Dodoma, na kila muhula huwapa wanafunzi wangu habari moja ya kimataifa iliyozua mjadala mkali ili waiandike kwa Kiswahili cha gazetini. Safari hii niliwapa kisa cha Whoopi Goldberg, mwigizaji na mtangazaji wa Marekani ambaye tarehe 31 Januari 2022, katika kipindi cha The View cha televisheni ya ABC, alisema kwamba mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, yaani utawala wa Hitler wa Ujerumani, hayakuhusu kile ambacho Kiingereza hukiita "race", bali ulikuwa ukatili wa binadamu kwa binadamu mwenzake, kwa kuwa waliouawa na waliowaua wote walikuwa watu weupe. Karibu darasa zima liliandika: "Mauaji ya Wayahudi hayakuwa suala la rangi." Nilizipitia karatasi zile na kuweka vema moja baada ya nyingine, mpaka msichana aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu," alisema, "mbona alichosema ni kweli? Mjerumani mweupe, Myahudi naye mweupe. Sasa kosa lake liko wapi?"

Wenzake walikubaliana naye, na mimi sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu katika sentensi niliyokwisha kuipa vema, kosa halikuwapo kweli. Tafsiri yetu ilikuwa imelifuta, maana "race" hubeba pia asili na damu ya mtu, si ngozi yake tu.

Neno "rangi" tumelipata kwa njia ya haki kabisa. Kizazi cha wazazi wangu kilijifunza maneno "ubaguzi wa rangi" wakati wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na wakazi wa mkoa huu hawakuyasikia redioni tu, kwani kuanzia mwaka 1964 kambi ya Kongwa iliwapokea wapiganaji wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Ubaguzi waliokuja kujiandaa kuupiga vita ulisimama juu ya ngozi ya mtu: mweusi huku, mweupe kule. Kwa hiyo "rangi" ilitosha, na inatosha hadi leo tunapozungumzia Afrika Kusini ya makaburu. Tatizo linaanza pale neno hilohilo linapobebeshwa historia ya Ulaya, ambako mtu aliweza kubaguliwa hadi kuuawa na jirani ambaye huwezi kumtofautisha naye kwa kumtazama.

Wanazi hawakuuliza ngozi. Sheria za Nuremberg, walizozitunga kuwabagua Wayahudi, zilitangazwa Septemba 1935, na amri iliyofuata Novemba mwaka huohuo ikaeleza kwamba mwenye mababu na mabibi watatu au wanne wa Kiyahudi ni Myahudi, hata kama yeye mwenyewe amebatizwa na hajawahi kuingia sinagogi. Hapa inafaa kumkumbuka Edith Stein, ambaye wasomaji wangu Wakatoliki wanamfahamu kama mtakatifu. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akabatizwa mwaka 1922, akawa mtawa wa Karmeli, na bado mwezi Agosti 1942 aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, kwa sababu machoni pa wauaji ubatizo haukubadilisha chochote katika damu yake. Ndiyo maana wanafunzi wachache walioandika kwamba Goldberg "alikashifu dini ya Kiyahudi" nao hawakuwa sahihi. Tumezoea kumjua Myahudi kupitia Biblia na Kurani, hivyo tunaposikia jina lake tunawaza dini kwanza, ilhali aliyemsaka hakuwa akitafuta imani yake. Lakini kuna fundo jingine ambalo mfasiri hapaswi kulikwepa: amri ileile ilitumia uanachama wa mababu katika jumuiya ya dini kama ushahidi wa damu ya mjukuu, maana damu yenyewe haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha. Dini ya babu iligeuzwa kuwa asili ya mjukuu.

Ukishalijua hilo, unaelewa kwa nini kauli ya Goldberg iliwaumiza watu. Wayahudi wapatao milioni 6 waliuawa kwa itikadi iliyowatangaza kuwa jamii ya damu chafu, na kusema kwamba asili yao haikuhusika ni kuondoa sababu yenyewe ya vifo vyao. Aliomba radhi, siku iliyofuata akamkaribisha kipindini kiongozi wa shirika la Kiyahudi linalopambana na chuki ili amweleze, na ABC ikamsimamisha kwa wiki mbili. Mimi naamini radhi yake ilitoka moyoni. Ni mwanamke mweusi wa Marekani, nchi ambako ubaguzi humtambua mtu kwa ngozi kabla hajafungua mdomo, na alipima Ulaya ya Hitler kwa kipimo cha nyumbani kwake. Alikosea pale pale ambapo Kiswahili chetu kinatukosesha. Simweki kundi moja na mwanamuziki wa Marekani Kanye West, ambaye Oktoba 2022 alitoa kauli za wazi za kuwachukia Wayahudi hadi kampuni ya Adidas ikavunja mkataba naye tarehe 25 mwezi huo. Kauli zake mtu yeyote anaweza kuzitafsiri, na chuki yake itabaki palepale.

Tunao mfano ulio karibu zaidi, ambao niliuleta darasani wiki iliyofuata. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda, na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, si kwa nyimbo zake, bali kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwezi Juni 1994, akihimiza Watutsi wauawe. Mhutu na Mtutsi wana rangi moja, lugha moja, na wengi wao walisali katika makanisa yaleyale. Nilipouliza kama mauaji yale yalikuwa suala la rangi, darasa lilinyamaza.

Wanaoandika sheria zetu wameliona pengo hili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyopitishwa na Bunge hapahapa Dodoma, inapoeleza maudhui ya kibaguzi haitaji rangi peke yake, bali inaitaja kando ya asili, nasaba, utaifa, kabila na dini. Mwandishi wa habari anayeandika "ubaguzi wa rangi" kila mahali anatumia neno moja pale ambapo sheria ya nchi yake imeona yanahitajika sita.

Baada ya mjadala ule nilizikusanya tena karatasi na kuziondoa alama zangu. Msichana wa dirishani aliandika upya: "Alisema kwamba Wayahudi hawakuuawa kwa sababu ya asili yao." Mwenzake aliyekaa nyuma yake aliisoma kwa sauti, akasita, kisha akasema, "Hii sasa inauma." Nikaiwekea vema.