Usugu wa magugu si kuizoea dawa

Kuanzia Mbozi hadi Mufindi, mkulima akikuta magugu bado yamesimama wiki mbili baada ya kupuliza, neno liko mdomoni tayari: "Haya yameshakuwa sugu, yameizoea dawa." Kwenye duka la pembejeo atajibiwa hivyohivyo, na atarudi nyumbani na chupa nyingine. Mara nyingi magugu hayo si sugu hata kidogo, na chupa ya pili itashindwa kwa sababu ileile iliyoishinda ya kwanza.

Usugu ni uwezo wa kurithi, walio nao baadhi ya mimea ya aina moja ya gugu, wa kuendelea kuishi na kuzaa mbegu baada ya kupigwa kipimo cha dawa ambacho kwa kawaida huiua aina hiyo. Maneno mawili yashikwe hapo: kurithi, na kwa kawaida.

Tuanze na kurithi, maana ndiko tunakopotea. Sugu ya kiganja huletwa na mpini wa jembe: unalima, ngozi inakomaa. Gugu haliendi hivyo. Mmea uliopona leo haukujifunza kitu, ulizaliwa hivyo. Katika mamilioni ya mbegu zilizolala kwenye ekari moja, huenda ipo moja ambayo chembe zake za urithi zilikuwa na hitilafu ndogo hata kabla bomba la dawa halijaingia shambani. Dawa inaua wenzake wote, huo unabaki na jua, mbolea na nafasi yote, na unamwaga mbegu. Msimu unaofuata unaona kiraka. Ukirudia dawa ileile mwaka hadi mwaka, shamba linajaa watoto wake. Dawa haikuutengeneza usugu, iliuchagua.

Mfano unaojulikana zaidi uko Marekani. Soya iliyobadilishwa ili isidhurike na glaifoseti, dawa inayoua karibu kila mmea, iliingia mashambani mwaka 1996, na wakulima wengi wakaitegemea dawa hiyo moja kwa kila kitu. Kufikia mwaka 2005 gugu liitwalo Palmer amaranth, jamaa wa mchicha wetu, lilithibitishwa kuwa sugu huko Georgia. Watafiti walipolichunguza walikuta chembe ya urithi inayotengeneza kimeng'enya kinachoshambuliwa na glaifoseti imejirudia kati ya mara 5 na zaidi ya mara 160 ndani ya mmea mmoja, kiasi kwamba dawa haitoshi kukizuia kimeng'enya chote. Jike moja la gugu hilo huweza kutoa mbegu laki kadhaa. Mahindi na soya zetu hazikubadilishwa hivyo, kwa hiyo ushauri wa huko wa kupuliza glaifoseti juu ya zao lililoota usiufuate. Utaua mahindi.

Sasa "kwa kawaida". Kuna magugu ambayo dawa fulani haijawahi kuyaua vizuri tangu ilipobuniwa. Kongwa, lile la maua ya bluu linalotoa mizizi kwenye kila fundo linalogusa udongo, huivumilia glaifoseti kwa asili yake. 2,4-D hulenga magugu ya majani mapana, kwa hiyo sangari, ambayo ni nyasi, kubaki kijani baada yake si habari. Ndago hukauka juu, kisha huchipua tena kutoka kwenye viazi vilivyolala ardhini ambavyo dawa haikuvifikia. Huu unaitwa ustahimilivu. Tofauti si ya maneno tu: ustahimilivu unautatua kwa kuchagua dawa inayofaa gugu hilo tangu mwanzo au kwa kulipalilia, wakati usugu maana yake ni kwamba dawa iliyokufaa jana imekupotea, na mbegu za gugu hilo sugu zinaweza kuhamia kwa jirani kwenye matairi ya trekta.

Sababu ya tatu ya magugu kubaki ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni upuliziaji mbovu. Chota maji ya mto mwezi Desemba kwenye chupa angavu, uyaache yatulie. Ule udongo unaotua chini hunasa glaifoseti na haiachii, kwa hiyo kila ulichomimina humo kilipungua nguvu kabla hakijagusa jani. Maji ya kisima yenye chokaa nayo huifunga. Kwa hayo ya chokaa, yeyusha kwanza mbolea ya SA (salfeti ya amonia), karibu gramu 300 kwa bomba la lita 16, chuja ili isizibe nozeli, ndipo uweke dawa.

Kipimo nacho. Pima eneo la mita 10 kwa 10, puliza maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika kiasi gani. Yakiwa lita 2, unatumia lita 80 kwa ekari, yaani mabomba matano. Kama lebo ya glaifoseti yako inataka lita 1.2 kwa ekari, kila bomba linahitaji mililita 240. Anayepima kwa vifuniko na kuweka mililita 100 ametoa chini ya nusu. Huyo ana hatari ya pili: kipimo pungufu kikirudiwa kizazi hadi kizazi huacha mimea yenye uvumilivu mdogomdogo ipandane na kuujumlisha, na hapo usugu wa kweli huweza kuanza. Dawa za kupuliza ndani ya zao nazo nyingi zinataka gugu la majani mawili hadi manne, si la kufika gotini.

Shamba lenyewe hueleza. Magugu yakibaki kwa mistari, tazama nozeli au mwendo wa mpulizaji. Aina zote zikipona shamba zima, tazama maji, kipimo, mvua iliyofuata, au dawa feki. Shuku usugu pale aina moja tu inapobaki, kwa viraka, huku mimea mingine ya aina hiyohiyo imekufa pembeni yake, kwenye shamba lililopigwa dawa za kundi moja, yaani zinazoua gugu kwa njia ileile, kwa misimu mingi. Kusanya mbegu za yaliyopona, na nyingine mahali pasipowahi kupulizwa. Ziote kwenye makopo, puliza kipimo kamili zikiwa na majani matatu, subiri wiki tatu. Zikifa zote, tatizo lilikuwa kwenye bomba. Za shambani pekee zikipona, wapelekee taarifa wataalamu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mbeya, na yaliyobaki yang'oe kabla hayajatoa mbegu.

Na kubadili dawa si kubadili chupa. Majina matano rafuni yanaweza kuwa glaifoseti ileile, kwa hiyo soma mstari wa kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kisha kundi lake. Kwenye mahindi, viambato atrazini na es-metolaklori ni vya makundi mawili tofauti. Kwenye soya atrazini haiingii, na hata mabaki ya msimu uliopita huweza kuiunguza. Basi ukifika dukani usiombe "dawa kali ya magugu sugu". Taja gugu ni lipi, kiambato ulichopuliza, mililita kwa bomba, na lilikuwa na urefu gani siku hiyo.