Koti la sukari la bakteria linavyoshonwa

Swali tunaloulizwa sana ni hili, mbona bakteria wengine dawa inawamaliza chapchap na wengine haiwafanyi kitu? Sababu moja kubwa iko kwenye koti lao. Wale wa Gram hasi (wasioshika rangi ya zambarau kwenye kipimo cha maabara cha Gram), kina E. coli na salmonela, wana utando wa pili kwa nje, na juu yake zimejazana molekuli zinaitwa lipopolisakaridi, yani mafuta yaliyobeba mnyororo wa sukari. E. coli mmoja anazo kama milioni hivi, zimebanana mpaka dawa yenye umbo kubwa kama vankomaisini haipenyi.

Sasa hapa ndo utamu wa mambo: huko nje hakuna ATP, ile molekuli inayobeba nguvu ya seli, yani hakuna nguvu ya kuunganishia chochote, kwahiyo kila kipande lazima kitengenezwe ndani. Bakteria anaanza na sukari iliyokwisha kufungwa kwenye UDP, molekuli ndogo ya kuibebea, vimeng'enya 9 (protini zinazoendesha kazi za kemia) vinapokezana hadi inapatikana lipidi A, ndo ile sehemu ya mafuta, ikiwa na sukari mbili za Kdo, sukari ambayo mwili wa binadamu hautengenezi kabisa, halafu zinaongezwa nyingine za kaboni 7, kisha protini MsbA inaipindua yote kwenda upande wa pili wa utando wa ndani. Mkia mrefu wa sukari, unaoitwa O, unashonwa pembeni, juu ya mafuta mengine yenye kaboni 55, kipande kwa kipande, unakuja kuungwa na lipidi A na sukari zake mwishoni. Ile O157 mnayoisikia kwenye habari za kuhara damu ni namba ya mkia huo, na E. coli anayo aina zaidi ya 180.

Kutoka hapo protini 7 zinazoitwa Lpt zinajipanga kama daraja, molekuli moja inasukuma iliyotangulia mpaka inatokea nje. Mi hili daraja nimelisoma miaka na bado linanishangaza.

Mwili wetu nao unaijua lipidi A vizuri sana, ikiingia kwenye damu homa inapanda, ikizidi presha inashuka na mtu anaweza kufa. Na kuchemsha kunaua bakteria ila hiyo sumu inabaki, ndo maana dawa za sindano lazima zipimwe.

Mwaka 2024 watafiti walitangaza zosurabalpini, dawa ya majaribio inayoziba hilo daraja kwa Acinetobacter, bakteria mwingine wa Gram hasi, aliye sugu kwa dawa. Mzigo unakwama njiani, unarundikana ndani, na bakteria anakufa.