Hippasa anafuma utando, na bado ni buibui mbwa-mwitu

Nimetumiwa tena picha ya utando uliotandazwa juu ya nyasi, na chini yake maneno yale yale: huyu hawezi kuwa buibui mbwa-mwitu, kwa sababu mbwa-mwitu hawafumi. Maneno hayo yamenichosha. Ni kweli kwamba wengi katika Lycosidae, familia ya buibui mbwa-mwitu, huwinda kwa kukimbia au kuvizia, kama Pardosa tunaowakuta kandokando ya maji. Lakini jenasi ya Hippasa, aliyoiainisha Eugène Simon mwaka 1885, hufuma utando na kukaa humo. Inapatikana Afrika na Asia, na mojawapo ya spishi zake, Hippasa elienae, iliyoelezwa na Alderweireldt na Jocqué mwaka 2005, inaishi Tanzania na Afrika Kusini.

Kosa linaeleweka, kwa kuwa buibui wa familia ya Agelenidae naye hutandaza shuka lile lile lisilonata, lenye faneli inayozama kwenye mashina ya nyasi, naye huvizia mdomoni mwa faneli vilevile. Hata vile viungo virefu vya nyuma vya kutolea nyuzi wanavyo wote wawili. Kwa hiyo acheni kuutazama utando, mtazameni mwenyewe usoni. Hippasa ana macho manne madogo kwa chini, mawili makubwa yanayotazama mbele juu yake, na mengine mawili nyuma zaidi, ilhali Agelenidae ana safu mbili za macho manne manne yanayokaribiana ukubwa. Usiku, ukishika tochi usawa wa jicho lako, macho ya Hippasa hukurudishia mwanga.

Spishi sitaji kwa picha. Kwa buibui asiyekomaa siwezi kuitaja hata nikiwa naye mkononi, kwa kuwa viungo vyake vya uzazi, ambavyo ndivyo hutofautisha spishi, havijakamilika. Tena vitabu husimulia kwamba mbwa-mwitu waliacha kufuma, kana kwamba jambo hilo limekwisha, ilhali bado tunabishana kama Hippasa, na Sosippus, mbwa-mwitu wa Amerika ambao nao hufuma, walirithi utando kutoka kwa wahenga wao au waliurudia baada ya kuuacha. Mimi mwenyewe nimebadili mawazo zaidi ya mara moja.

Jambo lisilo na ubishi ni mama. Asubuhi yenye umande utamkuta mdomoni mwa faneli, mfuko wa mayai ukiwa umeshikizwa nyuma ya tumbo lake, jambo ambalo Agelenidae hafanyi. Gusa utando kwa ncha ya jani, naye atarudi ndani upesi, mfuko ukimfuata.