Dalili mbichi za panya: jinsi jiji la New York linavyopima usafi wa kiwanja

Panya wa mtaani hangoji mkaguzi. Unapiga simu leo, ofisa anakuja baada ya siku kadhaa, na yule uliyemwona akikatiza uani usiku yuko kwingine kabisa. Ndiyo maana Idara ya Afya ya New York haihangaiki kumtafuta panya, inatafuta alichoacha. Kiwanja kikikutwa na dalili mbichi za panya kimefeli ukaguzi, hata kama hakuna aliyeona mkia.

Dalili zinazohesabiwa ni kinyesi, mashimo, njia, alama za meno, nyayo, na panya mwenyewe akijitokeza. Lakini lazima ziwe mpya, kwa sababu karibu kila jengo la zamani lina kumbukumbu za panya waliokufa au kuhama zamani. Kinyesi kipya ni cheusi, laini na kinang'aa, ukubwa wake kama zabibu kavu. Kikikaa sana kinakuwa kijivu na kuvunjikavunjika. Shimo linalotumika huwa na mdomo uliosuguka, udongo mpya umemwagika mbele yake, wala hakuna utando wa buibui. Mkaguzi akiwa na shaka anaweza kusokomeza karatasi kwa ulegevu akaondoka. Akirudi akaikuta imesukumwa nje, hana haja ya kuuliza mtu. Njia nazo hujionyesha zenyewe: panya hutembea akijibanza ukutani, na mafuta ya manyoya yake huchora mstari mweusi pale anapopita kila siku.

Ukishangaa kwa nini kazi hii ni ya Idara ya Afya, fikiria mkojo. Mkojo wa panya unaweza kubeba leptospirosisi, ile ile homa ya mgunda iliyozua taharuki mkoani Lindi mwaka 2022.

Malalamiko hupitia 311, namba ya huduma za jiji, kwa simu, tovuti au programu ya simu. Huhitaji kuwa mwenye nyumba wala mpangaji. Hata mpita njia anaruhusiwa. Kinachosaidia ni kutaja mahali: anwani, upande wa jengo, shimo liko chini ya ngazi au kando ya mapipa. Habari za ukubwa wa panya zina utamu wake, ila hazimwelekezi mkaguzi popote.

Kiwanja kikifeli, mwenye nyumba hupelekewa amri ya maandishi ya kuondoa tatizo, kisha unafuata ukaguzi wa pili. Akifeli tena anaweza kuandikiwa kosa la kulipia faini. Idara pia inaweza kuingia yenyewe, ikaweka sumu au ikasafisha, halafu bili ikamfuata yeye. Na kufeli si lazima kutokane na panya: taka zilizorundikana na vichaka vinavyowapa maficho vinatosha, kwa kuwa sheria inadai mwenye mali aondoe panya pamoja na kinachowavutia.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani sumu itamaliza kesi. Panya waliokufa huacha mashimo tayari, na chakula kikiwepo wengine huhamia. Jiji lenyewe liliichelewa hoja hii, kwa maoni yangu. Kwa miaka mingi mifuko ya taka ilitolewa barabarani kuanzia saa 10 jioni, ikakaa hapo usiku kucha. Tangu tarehe 1 Aprili 2023 mifuko hutolewa kuanzia saa 2 usiku, au saa 12 jioni kama taka zimo ndani ya pipa lenye mfuniko. Tangu tarehe 12 Novemba 2024, majengo yenye makazi 1 hadi 9 yanalazimika kutumia mapipa yenye mifuniko.

Panya walio ndani ya chumba chako ni suala la ofisi nyingine, ile ya makazi, ingawa mlango wa kulalamikia ni 311 hiyo hiyo. Sheria Na. 55 ya mwaka 2018 inamtaka mwenye jengo la makazi 3 au zaidi akague kila mwaka kama kuna panya na mende, na azibe wanamopitia. Panya mdogo wa nyumbani anahitaji upenyo wa milimita 6 hivi tu.

Matokeo ya ukaguzi wa Idara ya Afya huwekwa wazi kwenye ramani ya mtandaoni, anwani kwa anwani. Anayetafuta nyumba ya kupanga aipitie kabla ya kutia saini mkataba, ila asiisome kama cheti cha usafi. Mtaa usiolalamika hutembelewa kidogo, na ndiyo sababu wakaguzi hupita pia mitaa fulani jengo kwa jengo bila kusubiri simu ya mtu. Kwa hiyo angalia tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Kama ni ya zamani, zunguka nyuma ya jengo mwenyewe ukatazame kuta karibu na mapipa.