Kukloni diski si kukopi Windows

Juma hili pekee wamenijia watu watatu hapa Kondele, Kisumu, kila mmoja na kompyuta mpya kwapani na neno lile lile: "Fundi, nilikopi Windows yote kutoka diski ya zamani, lakini hii mashine inakataa kuwaka."

Haiwezi kuwaka. Kukopi ni kuchukua faili unazoziona. Kukloni ni kuchukua diski nzima jinsi ilivyopangwa, pamoja na sehemu zilizofichwa. Kompyuta ikiwashwa haianzi kwa kutafuta folda ya Windows, bali hutafuta kianzishi chake, yaani programu ndogo inayoiamsha Windows. Katika mashine za zamani kianzishi hicho hukaa kwenye baiti 512 za mwanzo wa diski. Katika mpya, kwenye sehemu ndogo iitwayo EFI. Ukikokota faili za C usiku kucha, huko hujafika.

Neno lenyewe lingetosha kutuonya. Kloni latokana na Kigiriki, klōn, yaani kitawi. Mwaka 1903 Mmarekani Herbert Webber, mtaalamu wa mimea, alilipendekeza liwe jina la mimea inayozalishwa kwa kipande cha mmea mzazi, si kwa mbegu. Mkulima wa Muhoroni au Mumias anaijua kazi hiyo kuliko sisi mafundi. Hukata muwa vipande, akaangalia kila kimoja kina macho, akavifukia. Tunaviita mbegu, ingawa si mbegu. Kinachoota ni muwa ule ule, na kama mzazi alikuwa na ugonjwa wa fugwe, nao unaota. Ndivyo ilivyo kwa diski: virusi vilivyokuwa katika ile ya zamani utavikuta katika mpya. Majani ya muwa hata ukiyabeba mkokoteni mzima, ukayafukia, hayaoti, kwa kuwa hayana macho. Faili ulizokopi ni majani hayo.

Halafu kuna udongo. Diski iliyokloniwa vizuri ikiingia kwenye kompyuta nyingine hukuta bodi ngeni, yaani bamba kuu la kompyuta linalounganisha vifaa vyake. Windows 10 na 11 kwa kawaida hujitafutia draiva, yaani programu za kuendeshea vifaa, lakini ikikosa ya kusomea diski, hukwama kwenye skrini ya hitilafu. Leseni iliyokuja na mashine ya zamani imefungwa kwenye bodi ya mashine hiyo, kwa hiyo huenda ukaombwa nyingine. Na diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR haitawaka kwenye mashine inayokubali UEFI pekee, yaani mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, mpaka ibadilishwe kuwa ya mtindo mpya, GPT. Hayo hayatokani na kukloni kubaya, kwa hiyo usimlaumu aliyekukloni kabla hujayaangalia.

Basi ukimwambia fundi "nikopie," atakupa picha na hati zako, na mara nyingi hizo ndizo tu unazohitaji. Ukitaka Windows yenyewe na programu zake, mwambie akloni, na umletee kompyuta mpya pia, si diski peke yake.